Mweso wa Nagongera na Kiswahili cha Bao

Mtu wa Afrika Mashariki akiuona mchezo wa sungka wa Ufilipino huutambua mara moja: ubao wenye mashimo, na kauri zinazogawiwa moja moja. Sungka una safu mbili za mashimo saba. Shimo dogo huitwa bahay, yaani nyumba, na lile kubwa la mwisho ulo, yaani kichwa. Bao la Kiswahili nalo lina nyumba na kichwa, ingawa ni mashimo ya kazi nyingine kabisa.

Nagongera, wilayani Tororo, sisi tulicheza mweso: safu nne, mashimo manane kila safu, mbegu 64. Watoto tulichimba mashimo ardhini. Ubao wa mti ulikuwa wa wazee. Mweso na bao ni ndugu wa karibu. Mbegu zilizoliwa hazitolewi mchezoni kama zile zinazoingia kichwani katika sungka, bali hupandwa upya upande wa aliyezila. Ndiyo maana aliyekaribia kushindwa huweza kuinuka ghafla, na watazamaji hawaondoki mapema.

Jina la mweso ni la Kiganda, lugha iliyoenezwa mashariki ya Uganda na watawala wa Semei Kakungulu na wamisheni. Kiswahili kilikuja kwa njia nyingine: kwa reli, iliyopita Nagongera na kufika Kampala mwaka 1931, na kwa askari. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wengi walikwisha kukizoea kama lugha ya amri: simama, toa, kaa chini. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini sheria haifuti kumbukumbu hiyo.

Kiswahili cha bao ni kingine. Ni cha barazani, baina ya watu waliokaa pamoja kwa hiari. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, mchezaji "hulala". Asipoweza kula, "hutakata". Wanafunzi wa ualimu wa Nagongera, ambako leo kuna kampasi ya Chuo Kikuu cha Busitema, wangeyaelewa maneno haya upesi, kwani vitendo vyenyewe wanavijua.

Isipokuwa "kunamua". Katika bao kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, akaziingiza ubaoni moja moja. Huko ndiko kunamua. Mchezaji wa mweso huzipanga mbegu zake zote 32 apendavyo kabla ya kuanza. Neno hilo halina mwenzake kwetu, na hapo mwalimu hana budi kuleta kete darasani.