Ng'ombe Ana Rangi, Shilingi Haina

Anayelipa kabla ya kupokea huwa amemkopesha muuzaji, apende asipende. Sokoni Nyakoe, kando ya barabara ya Kisii kwenda Kisumu, jambo hili halionekani kwenye ndizi: mkungu unashushwa, pesa inatolewa, kila mtu anaondoka na chake. Linaonekana kwenye vitu vizito, mabati, kitanda, sare za shule, vile ambavyo mkulima huvilipia kidogo kidogo msimu hadi msimu huku risiti akizifunga kwenye leso. Siku duka linapofungwa kwa madeni, risiti zile hugeuka maana. Jana zilikuwa ushahidi wa mali, leo ni ushahidi wa deni, tena deni lililo mkiani mwa foleni. Wengi husema mnunuzi hupata hasara hiyo kwa sababu hana haki kisheria. Mimi naona haki zimejaa vitabuni. Kilichompotea ni cha zamani zaidi: uwezo wa kunyoosha kidole na kusema, kile pale ni changu.

Uwezo huo Abagusii, wenyeji wa Kisii, walikuwa nao enzi mali ilipokuwa mifugo. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote bomani mwake. Baadhi aliwawekesha kwa jamaa na marafiki wa mbali, ili ugonjwa au uvamizi usimmalize kwa siku moja. Mtunzaji alikamua maziwa na kupata mbolea, lakini ng'ombe alibaki wa mwenyewe. Mtunzaji akifukarika, wadai wake hawakuwa na njia ya kumgusa mnyama yule, kwa kuwa rangi yake, pembe zake na uzao wake vilijulikana na watu wa pande zote mbili. Mahari nayo ilikuwa na hesabu ya namna hiyo, ila ngumu zaidi. Ndoa ikivunjika, upande wa mume ulidai ng'ombe wake, na mara nyingi ng'ombe hao walikuwa wameshatumiwa kumwolea kaka wa binti. Mali imekwenda, lakini dai halikufa. Lilibaki kwa baba, likarithiwa na wanawe, na wazee wa etureti, baraza la usuluhishi la mtaa, wangeweza kulisikiliza miaka mingi baadaye. Philip Mayer, aliyechapisha utafiti wake juu ya sheria ya mahari ya Abagusii mwaka 1950, alieleza jinsi ndoa moja ilivyoweza kutikisa nyingine kupitia ng'ombe walewale.

Sisemi ilikuwa pepo. Kesi za mahari zilichosha mabaraza, na binti aliyekuwa kiini cha hesabu yote hakuulizwa sana. Lakini zingatia kinga mbili zilizokuwepo: mali iliyotambulika kwa macho, na mdaiwa asiyeweza kutoweka kwa sababu ukoo hautoweki.

Kinga zote mbili zilidhoofika ndani ya maisha ya mtu mmoja. Waingereza waliivamia nchi ya Gusii mwaka 1905, wakaweka kituo Kisii mwaka 1907, wakarudi kwa bunduki mwaka 1908. Kodi ilivuta watu kwenye rupia, na kufikia 1921 hesabu ikawa ya shilingi. Shilingi ya Nyaboke haina alama inayoitofautisha na ya Moraa. Ikishaingia kwenye droo ya duka imezama. Sheria ya kibiashara iliyoletwa nayo ilitazama upande mmoja. Serikali ya kikoloni ilihangaishwa na Mwafrika anayekopa bila kulipa, hata ikaweka sheria za kubana mikopo ya wenye maduka kwa Waafrika. Matokeo yake mnunuzi wa kijijini alizoea kutanguliza pesa. Yule aliyetanguliza pesa halafu mwenye duka akaanguka, hakuna aliyemfikiria.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ilianza kutumika Kenya mwaka 1931, ikiwa karibu nakala ya ile ya Uingereza ya 1893, na ndani yake mna kanuni ambayo mzee wa etureti angeielewa bila kutafsiriwa. Bidhaa mahususi iliyokubaliwa, kitanda hiki na si kingine, inaweza kuwa mali ya mnunuzi tangu mapatano yanapofungwa, hata kama bado iko dukani. Bidhaa isiyoainishwa, kwa mfano mabati 30 kutoka rundo lolote, haiwi mali ya mnunuzi mpaka itengwe kwa ajili yake. Ni ng'ombe mwenye rangi na ng'ombe asiye na rangi. Mwaka 1994 Baraza la Uingereza la rufaa liliwaambia wateja wa Goldcorp, kampuni ya dhahabu ya New Zealand iliyofilisika, maneno yanayofanana na hayo: waliolipia dhahabu ambayo haikutengwa hawakuwa na dhahabu, walikuwa na deni.

Uzito wa deni hilo Wakenya waliuona kwa Nakumatt, duka lililoanzia kwenye biashara ya magodoro Nakuru likaenea hadi Uganda, Tanzania na Rwanda. Liliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wakapiga kura livunjwe. Matawi sita yaliyosalia yaliuzwa kwa Naivas kwa shilingi milioni 422, ilhali madeni yalipita bilioni 30. Kwa Sheria ya Ufilisi ya 2015, kesi dhidi ya kampuni iliyo chini ya msimamizi husimama mpaka yeye au mahakama iruhusu. Kampuni ikivunjwa, benki yenye dhamana huchukua dhamana yake, gharama za mfilisi hulipwa, kisha mishahara hadi shilingi 200,000 kwa mfanyakazi, kisha kodi. Mwenye vocha, pointi za kadi au arbuni ya friji husubiri pamoja na wasio na dhamana. Naye ndiye ambaye Ibara ya 46 ya Katiba inalinda maslahi yake ya kiuchumi, na ambaye Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamruhusu kuvunja mkataba bidhaa ikichelewa siku 30 kupita tarehe iliyoahidiwa. Haki ya kurudishiwa pesa na mtu asiye na pesa ni karatasi.

Kuna pingamizi lenye nguvu, na hapa Kisii lina sura za watu. Ukimpandisha mnunuzi kwenye foleni, unamshusha nani? Maduka makubwa hujaza rafu kwa mali kauli, na miongoni mwa wanaodai ni waliouza mboga na maziwa, pamoja na wafanyakazi. Mama aliyepoteza arbuni anaweza kuwa dada wa aliyeuza ndizi asilipwe. Nakubali, na ndiyo maana siombi foleni ipangwe upya. Naomba arbuni isiingie kwenye foleni kabisa. Mwaka 1972 kampuni ya Uingereza ya kuuza kwa posta, Kayford, ilipoona inayumba ilianza kuweka pesa za wateja kwenye akaunti ya pekee; ilipoanguka, mahakama ilisema pesa zile zilishikwa kwa amana na ni za wateja. Mwuza ndizi hakuibiwa hapo, kwa sababu fedha ya amana haikuwa ya duka tangu mwanzo, sawa na ng'ombe aliyewekeshwa. Watasema gharama ya akaunti ya pili itamwua mfanyabiashara mdogo. Duka lisiloweza kuishi bila kutumia arbuni za wateja limeshaanza kufa, na linaugulia kwa pesa za watu.

Bunge halijaweka sharti hilo kwa maduka. Hadi litakapoliweka, ukilipia mabati Nyakoe usiridhike na kiasi cha pesa kwenye risiti. Dai iandikwe geji, rangi, idadi na jina lako, na ukimaliza kulipa, mabati yatengwe ukiona na yaandikwe jina lako.