Aikoni Zilizotoweka Kivinjarini

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Mei 2019, viendelezi vya Firefox vilianza kuzimika duniani kote. Vizuia matangazo, vitunza nywila, vitafsiri: aikoni zilizokuwa zimejipanga juu kulia zikatoweka, bila mwenye kompyuta kugusa chochote. Cheti cha kidijitali ambacho Mozilla, mtengenezaji wa Firefox, ilikitumia kuidhinisha viendelezi kilikuwa kimeisha muda. Na kwa kuwa kila Firefox hukagua viendelezi vyake takriban kila baada ya saa 24, kwa wakati wake yenyewe, wawili waliokaa meza moja wangeweza kutofautiana: huyu aikoni zake zote zipo, yule hana hata moja.

Cheti hicho kilikuwa na sababu yake. Kwa miaka mingi programu za bure ziliingia kwenye kompyuta zikiwa zimebeba viendelezi ambavyo mtu hakuviomba, na akiwasha kivinjari hukuta ukurasa wake wa kwanza umebadilishwa. Ndipo Mozilla ikaweka sharti kwamba kila kiendelezi kiwe na sahihi yake, na kuanzia Firefox 48, mwaka 2016, mtumiaji wa toleo la kawaida hakuweza tena kulikwepa. Lilikuwa sharti la haki. Lakini tangu hapo uhai wa kila kiendelezi ulitegemea tarehe iliyoandikwa kwenye cheti.

Toleo la 66.0.4 lilitoka tarehe 5 Mei kurekebisha hitilafu hiyo. Wengine walikuwa wamerudisha nyuma saa ya kompyuta ili cheti kionekane bado ni halali. Wenye mashine kuukuu, ambao hawakuweza kupandisha toleo, walitengenezewa kiraka chao baadaye.

Si kila aikoni isiyoonekana imezimwa. Chrome ilianza mwaka 2020 kuviweka viendelezi nyuma ya kitufe chenye umbo la kipande cha fumbo, na Firefox ikafuata katika toleo la 109, Januari 2023. Hapo dawa ni nyepesi: kubofya kitufe hicho, kisha kuibandika aikoni kwenye upau. Fundi hodari huanza hapo, kisha hutazama namba ya toleo, kwa sababu namba hiyo humwambia mengi. Firefox 57 ya Novemba 2017, kwa mfano, iliacha kabisa kuendesha viendelezi vya mtindo wa zamani. Hivyo havikufichwa popote, na kuvitafuta ni kupoteza muda.

Tarehe 14 Machi 2025 cheti kingine cha Mozilla, safari hii cheti mzizi ambacho vyeti vingine hukitegemea, kilifikia mwisho wake. Mozilla iliwatangazia watu mapema wahamie Firefox 128, au ESR (toleo la msaada wa muda mrefu) 115.13, na kuendelea, wasije wakapoteza viendelezi. Mwenye Windows 7 aliweza kutumia ESR 115. Mwenye Windows XP, ambaye Firefox yake ya mwisho ilikuwa ESR 52, hakuwa na toleo la kuhamia.