Kupwelewa: neno la ndege inayoanguka huku injini ikinguruma

"Mjomba, imezima tena!"

Mpwa wangu alikuwa ameketi mbele ya kompyuta yangu ya zamani, fimbo ya kurushia ndege mkononi, jasho likimtoka. Kwenye kioo, ndege ya kivita ya Kisovieti ilikuwa ikizunguka kwenda chini, kwenye uwanda wa theluji. Alikuwa ameiwinda Messerschmitt moja, ndege ya kivita ya Wajerumani, kwa dakika nzima. Ilipokata kona naye akakata, akaivuta fimbo kwa nguvu ili pua ya ndege yake imfikie adui, na papo hapo bawa la kushoto likadondoka, mbingu ikawa chini na ardhi juu. Ilikuwa mara ya sita jioni ile.

Nikamwambia asikilize. Injini ilikuwa inanguruma kwa nguvu zake zote. "Kama imezima, mngurumo huu unatoka wapi?" Jibu hakuwa nalo, ila hukumu alikuwa nayo: mchezo huu ni wa kionevu. Akaanza upya. Akaanguka mara ya saba.

Mchezo wenyewe ni IL-2 Sturmovik, kazi ya studio ya Maddox Games ya Moscow. Ulitoka mwaka 2001, ukiwa na jina la ndege ya Ilyushin ya kushambulia vifaru, ambayo Wasovieti walitengeneza zaidi ya 36,000. Mkusanyo wake wa mwaka 2006, uitwao 1946, una ndege zaidi ya 200 ambazo mchezaji anaweza kuzirusha mwenyewe. Miaka zaidi ya 20 imepita na watu bado wanaucheza, na bado wanaulalamikia.

Malalamiko yao nayajua kwa moyo. Injini za ndege zinazoendeshwa na kompyuta hazichemki, za kwetu zinachemka. Adui anakuona hata ukiwa ndani ya wingu. Mpiga bunduki wa mkiani mwa ndege ya mabomu hakosi. Baadhi ya haya yana haki kabisa. Na mrithi wa mchezo huu, Cliffs of Dover, unaohusu vita vya anga vya Uingereza vya mwaka 1940, ulipotoka mwaka 2011 ulikuwa na kasoro nyingi mno. Wachezaji waliolipa fedha zao walikasirika, na ni kundi la wachezaji wenyewe, Team Fusion, lililokaa miaka likiurekebisha hadi ukatolewa upya mwaka 2017. Hasira ile ilikuwa ya haki.

Lakini lipo lalamiko moja linalorudi kila mahali, kwa wageni na kwa waliozoea: ndege inaanguka bila sababu. Spidi ilikuwepo, injini ilikuwa inafanya kazi, hakuna risasi iliyoipata, halafu ikaanguka. Hapa wachezaji hugawanyika. Wapo wanaosema waundaji wametia chumvi, kwamba ndege za kweli hazikuwa tete hivyo. Wapo wanaosema huo ndio utamu wake, na asiyeuweza aende akacheze michezo ya kitoto. Mimi nasimama pahali pengine. Naamini sehemu kubwa ya hasira ya mpwa wangu ilitokana na neno alilolitumia. Alisema imezima, na mtu aliyeambiwa ndege imezima hufanya jambo moja tu: huongeza mafuta. Hapo kuongeza mafuta hakumwokoi.

Kiingereza kina neno stall. Neno hilo hilo hutumika kwa gari linalozimika mtu anapoachia klachi vibaya, na Mswahili anapolikuta kwenye mchezo hulipa maana aliyoijua barabarani. Kumbe kwenye ndege halihusu injini hata kidogo. Ushahidi ni wa zamani kuliko injini za ndege. Otto Lilienthal wa Ujerumani aliruka mara nyingi kwa mabawa aliyoyaunda mwenyewe, bila injini yoyote. Mwezi Agosti mwaka 1896 pua ya chombo chake iliinuka mno, mabawa yakaacha kumbeba, akaanguka kutoka kimo cha kama mita 15, na siku ya pili akafariki. Chombo kisicho na injini hakiwezi kuzima.

Kinachotokea ni hiki. Bawa hunyanyua ndege kwa sababu hewa hupita juu yake ikiwa imeushika mgongo wake, kisha ikitoka nyuma inaelekezwa chini. Ukiinua pua, bawa linaukabili upepo kwa pembe kubwa zaidi na mnyanyuo unaongezeka. Unaongezeka hadi kikomo, ambacho kwa mabawa mengi ni kama digrii 15. Ukipita hapo hewa inashindwa kuufuata mgongo wa bawa. Inabanduka, inavurugika, na mnyanyuo unaporomoka ghafla. Aliyewahi kurusha kishada ameliona jambo hili: uzi ukifungwa vibaya kikaulalia upepo kwa kifua kizima, kinayumba, kinapinduka, kinashuka kichwa chini, na upepo bado upo.

Sasa spidi. Mpwa wangu aliapa kwamba alikuwa na spidi ya kutosha, na kweli alikuwa nayo, kwa ndege inayokwenda moja kwa moja. Chukua ndege ambayo ikinyooka haiwezi kukaa hewani chini ya kilomita 150 kwa saa. Ilaze kwa digrii 60 ikate kona bila kupoteza kimo, na bawa linalazimika kubeba uzito maradufu. Kikomo kinapanda hadi kama 212. Ivute fimbo zaidi mpaka uzito uwe mara nne, na kikomo kinafika 300. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa kwenye 280, akautazama mshale wa spidi na kuridhika, na ndege ikamwangusha. Si uonevu wa mchezo. Ni hesabu ile ile iliyowaua vijana wa kweli mwaka 1941, na mchezo umekataa kuificha.

Kila ndege ina tabia yake hapa, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Bawa la Spitfire limepindwa kidogo kiasi kwamba sehemu iliyo karibu na kiwiliwili hushindwa kabla ya ncha. Rubani huhisi ndege ikitetemeka, kama mtu anayemgusa begani kumwonya, na ana nafasi ya kulegeza fimbo. Messerschmitt 109 ina vibamba kwenye ukingo wa mbele wa mabawa, vinavyochomoza vyenyewe pembe inapokuwa kubwa ili kuirudisha hewa mgongoni mwa bawa. Focke-Wulf 190 ilikuwa na onyo dogo sana: ukizidisha kwenye kona, inaweza kukupindua chali kwa mara moja. Kisha kuna Airacobra ya Marekani, yenye injini nyuma ya rubani. Uzito wake umekaa nyuma, na ikianza kuzunguka inaweza isitake kuacha. Wasovieti waliipokea kwa maelfu, na Aleksandr Pokryshkin, mmoja wa marubani wao mashuhuri, alipigana nayo vitani. Mashine inayowatisha wachezaji wa leo, yeye alikijua kikomo chake na akakiheshimu.

Lugha nyingine zilishughulikiaje? Kifaransa kinasema décrochage, yaani kuchomoka kwenye ndoano, kama nguo iliyodondoka kutoka kwenye kiango. Kijerumani kinasema Strömungsabriss, kukatika kwa mkondo. Kirusi, lugha ya waundaji wa mchezo wetu, kinasema svalivanie, kuporomoka upande. Hakuna hata moja kati yao iliyoitaja injini. Kila moja ilitazama kile kinachotendeka kwa bawa au kwa hewa, ikakipa jina kutoka kwenye maneno ya kila siku.

Kiswahili nacho kina neno. Nalipendekeza hapa bila kusita: kupwelewa.

Maji ya bahari hujaa na kupwa. Chombo kilichoachwa kwenye maji machache hadi kikakaa mchangani kimepwelewa. Mtazame mvuvi aliyechelewa kuondoka. Mashua yake ni nzima, haina tundu, na mashine ya nyuma inawaka. Anaongeza mafuta, rafadha inachimba tope, moshi unatanda, na chombo hakisogei. Ubovu hauko kwenye mashine. Kile kilichokuwa kinakibeba chombo ndicho kilichoondoka chini yake. Nimetafuta picha nyingine inayoeleza kwa usahihi huo hali ya bawa lililoachwa na hewa huku injini ikinguruma, na sijaipata. Mtu aliyeambiwa bawa limepwelewa hatafuti kosa kwenye injini. Atauliza hewa imekwenda wapi na itarudije.

Istilahi nzuri lazima izae. Hii inazaa vizuri. Spidi ambayo chini yake ndege haibebeki ni kasi ya kupwelewa. Ile pembe ya digrii 15 ni pembe ya kupwelewa. King'ora cha kumwonya rubani ni kionyo cha kupwelewa. Yaliyompata mpwa wangu ni kupwelewa konani. Na kinyume chake kipo tayari: hewa ikirudi mgongoni mwa bawa, bawa limejaa.

Nimepingwa kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba neno ni la pwani, na mtu wa Dodoma au wa Bujumbura hajapata kuona maji yakipwa. Ni kweli. Lakini rubani lilikuwa neno la baharini, mtu aijuaye njia ya kupitisha jahazi kati ya miamba, kabla ya kupanda angani. Usukani pia ulikuwa wa chombo, na sasa uko ndani ya kila lori linalokwenda Kigoma. Maneno yaliyozoea kusafiri na vyombo hayasumbuliwi na umbali wa bahari. Hoja ya pili ina uzito zaidi: chombo kikipwelewa watu hukaa wakasubiri maji yajae, angani hakuna kusubiri. Hili nalikubali, na mwalimu yeyote atakayelitumia neno hili inabidi aliseme wazi. Angani maji unayajaza mwenyewe, kwa kuisukuma fimbo mbele na kuishusha pua, jambo ambalo mwili mzima unalikataa wakati ardhi inakujia.

Kwamba mwili unakataa si habari ya michezo tu. Tarehe 1 Juni 2009 ndege ya Air France iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilianguka katika Bahari ya Atlantiki na watu 228 wakafa. Wachunguzi wa Ufaransa walieleza kwamba ndege ilishuka kwa zaidi ya dakika tatu mabawa yakiwa yameachwa na hewa, injini zikifanya kazi, kionyo kikisema neno lile la Kiingereza mara nyingi, na pua ikiendelea kuvutwa juu. Ninapotaka vijana wetu walielewe jambo hili kwa lugha yao, sifikirii mchezo peke yake. Baadhi yao watakwenda kuwa marubani.

Linabaki neno la ule mzunguko wa kwenda chini. Bawa moja likipwelewa zaidi ya jingine, ndege hushuka huku ikizunguka mahali pamoja. Warusi huiita shtopor, kizibuo cha chupa. Sisi tuna pia, ile wanayoichezea watoto, na ndege iliyoingia katika hali hiyo imeingia pia. Rubani wa Uingereza Wilfred Parke alijinasua kutoka kwenye pia mwezi Agosti mwaka 1912, mbele ya watu waliodhani wanamtazama akifa, kwa kuupeleka usukani wa mkia upande ulio kinyume na mzunguko. Njia inayofundishwa leo imejengwa hapo hapo: punguza mafuta, usukani wa mkia kinyume na mzunguko, fimbo mbele, subiri pia isimame, kisha inua pua polepole. Ukiinua kwa pupa, bawa linapwelewa tena.

Jioni ile nilimweleza mpwa wangu habari ya mashua na tope. Hakusema kitu. Akaruka tena, akaifuata Messerschmitt nyingine, akaivuta fimbo, ndege ikaanza kutetemeka. Safari hii mkono wake ulilegea. Pua ikashuka kidogo, mtetemo ukakoma, adui akamponyoka, akazunguka nyuma yake na kumtungua. Akageuka akaniambia, "Mjomba, hii nimeuawa. Sikuanguka." Alikuwa anacheka.

Kwa hiyo nawaomba wanaotafsiri michezo, wanaofundisha fizikia, na wanaoandika habari za ajali za ndege: msiandike kwamba ndege ilizima ikiwa injini ilikuwa inawaka. Andikeni kwamba mabawa yalipwelewa. Na wewe unayecheza, kwenye ukurasa wa ugumu wa IL-2 kuna kisanduku cha kuwasha au kuzima kupwelewa na pia. Wengi hukizima siku ya kwanza kwa hasira. Kiwashe, ukae nacho wiki moja.