Kilwa Kisiwani: Husuni Isiyo Ngome

Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo cha matumbawe katika pwani ya kusini ya Tanzania, mkoani Lindi, kilometa 300 hivi kusini ya Dar es Salaam. Msafiri hufikia Kilwa Masoko, mji ulioko bara, akachukua kibali, kisha akateremka bandarini kupanda mashua. Mlangobahari wa kuvuka ni mwembamba. Chombo hakijafika katikati, kuta za ngome iitwayo Gereza zimekwisha kuonekana ng'ambo, zimekaa ukingoni kabisa mwa maji. Mgeni hupokewa na jengo lililokuja mwisho; ya kale zaidi yamejificha nyuma yake, katikati ya minazi, mibuyu na vibanda vya wavuvi ambao bado wanaishi humo.

Masimulizi ya mwanzo wa mji yamehifadhiwa katika Tarikh ya Kilwa, iliyotufikia kwa Kiarabu, na kwa muhtasari wa Kireno uliochapishwa na João de Barros mwaka 1552. Inasimuliwa kwamba Ali bin al-Hasan, mwana wa mtawala wa Shiraz, alikinunua kisiwa kwa mwenyeji wake kwa vitambaa vilivyotosha kukizunguka. Ardhi yenyewe husimulia habari tofauti kidogo. Uchimbaji wa mwanaakiolojia Neville Chittick, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1950, ulionyesha kwamba watu walikuwa wakiishi hapo kwa nyumba za miti na udongo tangu karne ya 9 au hapo karibu, wakivua samaki na kufinyanga vyungu, muda mrefu kabla ya jengo la kwanza la mawe. Hadithi ya vitambaa huenda ikasomwa vizuri zaidi kama hati ya madai kuliko kumbukumbu ya manunuzi: kila ukoo uliotawala pwani ulihitaji kueleza umepataje ardhi.

Utajiri ulikuja na dhahabu. Dhahabu hiyo ilichimbwa katika nyanda za Zimbabwe, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala, na kutoka huko ikasafirishwa kwa majahazi kuelekea kaskazini. Kilwa ilikaa mahali pazuri. Vyombo vilivyotoka Arabuni na India kwa pepo za kaskazi viliweza kufika hapo na kurudi kwa kusi ndani ya mwaka mmoja, lakini kwenda mbali zaidi kusini kulikuwa ni kujihatarisha kukosa upepo wa kurudia. Aliyeishika Kilwa alikuwa ameshika mlango. Masultani wake walipiga sarafu za shaba zenye maneno yenye vina, jina la sultani upande mmoja na sifa za Mungu upande wa pili. Sarafu moja ya aina hiyo ilipatikana kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu, na nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko? Hakuna jibu lililokubalika.

Kipindi cha fahari kubwa ni cha al-Hasan bin Sulaiman, wa nasaba ya Mahdali, mwanzoni mwa karne ya 14. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akamkuta akiitwa Abu al-Mawahib, Baba wa Vipawa, kwa ukarimu wake. Anasimulia jinsi fakiri wa Yemen alivyomwomba sultani nguo alizovaa wakati akitoka sala ya Ijumaa, na sultani akaingia ndani, akazivua, akampa. Haonyeshi heshima kama hiyo kwa Daud, ndugu na mrithi wake, ambaye wenye shida waliondoka kwake mikono mitupu.

Al-Hasan ndiye aliyeupanua Msikiti Mkuu. Sehemu ya kaskazini ni ya kale zaidi na ndogo, ya karne ya 11 au 12. Yeye akaongeza ukumbi mpana upande wa kusini, pamoja na kuba kubwa pembeni yake. Ukumbi haukudumu. Paa lake lilianguka, na katika karne ya 15 likajengwa upya kwa vikuba na matao juu ya nguzo zenye pembe nane. Nguzo hizo ndizo zinazosimama leo, na anayetembea katikati yake asubuhi, jua likipenya mahali paa lilipobomoka, anaona ufundi wa waashi waliotumia mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko tu.

Kazi yake nyingine iko mashariki ya mji, juu ya jabali linalotazama bahari: Husuni Kubwa. Jina linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ngome, na ndilo linalowapoteza wengi. Hili ni kasri. Lina vyumba zaidi ya 100, ua wa kupokelea wageni wenye ngazi za kukalia, bwawa la kuogelea la pembe nane, na upande wa kusini ua mpana uliozungukwa na maghala. Ngazi zinateremka hadi ufukweni. Mpango wake wote umefikiriwa kwa ajili ya bidhaa, mazungumzo na starehe; hakuna handaki, hakuna mahali pa walinzi kupigania. Mjenzi alimtazamia mgeni mwenye shehena. Halikumalizika, na halikukaliwa kwa muda mrefu. Jirani yake, Husuni Ndogo, ni ua wa mstatili wenye kuta nene na minara, na unafanana zaidi na ngome. Matumizi yake bado yanabishaniwa.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alikuja na meli zake na kumlazimisha mtawala, Amiri Ibrahim, kutoa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilifanyizwa chombo cha kuonyeshea Ekaristi kwa amri ya mfalme Manuel wa Kwanza wa Ureno, kikamalizika 1506. Sasa kiko katika jumba la makumbusho mjini Lisbon. Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, akaweka sultani wa kumtii na kujenga ngome. Mwaka 1512 Wareno waliiacha. Biashara ya dhahabu ilikuwa imekwisha kuvurugika, na kikosi cha kulinda mji usio na biashara kiligharimu kuliko kilivyoleta.

Baada ya hapo Kilwa ilififia kwa muda mrefu. Ilipoinuka tena katika karne ya 18, bidhaa yake ilikuwa watu. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice aliandikiana na sultani mkataba wa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Ni wakati huo ambapo kasri la Makutani, karibu na ufukwe, lilizungushiwa kuta ndefu zenye minara. Al-Hasan aliacha ua wake wazi kwa bahari. Hawa warithi wa mbali walijifungia.

Waomani walichukua mamlaka karibu na mwisho wa karne hiyo, na mnamo mwaka 1800 wakajenga Gereza pale ilipokuwa ngome ya Wareno. Jina hilo kwa kawaida hunasibishwa na neno la Kireno la kanisa, igreja. Mlango wake wa mbao umechongwa vizuri. Sultani wa mwisho alipelekwa uhamishoni Maskati katika miaka ya 1840, na biashara ikahamia Kilwa Kivinje, bara.

Mwaka 1981 magofu haya, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia. Mawimbi, mvua na mizizi viliyaweka katika orodha ya hatari mwaka 2004; kuta ziliposhikizwa na miti kuondolewa, yakatolewa humo mwaka 2014. Upande wa Gereza unaoelekea bahari ulikwisha kuliwa zamani. Songo Mnara, kisiwa kilichoko kusini, chenye nyumba za mawe na misikiti ya karne ya 15, hufikiwa kwa mashua siku nzima ikitengwa, maana kurudi hutegemea maji: yakipwa, chombo hukwama mikokoni hadi yajae.