Mabawabu wa Seli na Hesabu ya Ngara na Biharamulo

Mwaka 1987, miaka 4 baada ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania kutambuliwa mkoani Kagera, watafiti waliopima damu za watu wazima wa mkoa huo walikuta VVU katika asilimia 24.2 ya wakazi wa mji wa Bukoba, ilhali katika wilaya za Ngara na Biharamulo hawakukuta ila asilimia 0.4, na tofauti hiyo, ya mara 60 ndani ya mkoa mmoja, yaweza kumshawishi mtu adhani kwamba miili ya watu wa wilaya hizo ilikuwa na hifadhi ya maumbile ambayo wenzao walinyimwa. Dhana hiyo haisimami, na elimu ya protini zinazozuia virusi ndani ya seli ndiyo inayoibatilisha.

Elimu hiyo asili yake ni saratani. Baada ya Peyton Rous kudhihirisha mwaka 1911 kuwa uvimbe wa kuku huambukizwa kwa virusi, na Ludwik Gross mwaka 1951 kuwa saratani ya damu ya panya nayo huambukizwa, wataalamu walitambua kwamba wapo panya wasioshikwa kwa urahisi na virusi hivyo, kwa sababu ya jeni iitwayo Fv1. Nayo ilipotengwa mwaka 1996 ilibainika kuwa ni masalio ya virusi vya kale vilivyojipachika katika urithi wa panya, hata adui wa zamani akawa mlinzi. Mwaka 2002 ikajulikana protini ya ZAP, inayoishika RNA ya virusi vya saratani hiyo na kuiangamiza. Na mwaka 2004 TRIM5α ya kima wa rhesus, inayolivamia gamba la VVU na kulivunja kabla nakala ya DNA haijakamilika.

Binadamu naye anayo TRIM5α, walakini bawabu wetu huyu, ambaye huvirudisha mlangoni baadhi ya virusi vya saratani ya panya, huvipisha VVU takriban bila kuviuliza. Na APOBEC3G, protini iharibuyo herufi za nakala ya virusi, husalitiwa na protini ya VVU iitwayo Vif, inayoipeleka ikateketezwe. Ni kweli kwamba jeni hizi hutofautiana kidogo baina ya mtu na mtu, lakini tofauti hizo hazifikii mara 60, wala hazifuati mipaka ya wilaya: Mhangaza na Mshubi wa Ngara na Biharamulo hawakuwa na ngome asiyokuwa nayo Mhaya wa Bukoba. Kilichowahifadhi ni umbali wao kutoka njia za msafara wa maradhi, na umbali hupunguzwa na kila barabara.

Faida ya elimu hii, basi, ni kuonyesha mahali pa kupiga. Lenacapavir, dawa ya VVU ya sindano iliyoidhinishwa mwaka 2022, hulishika gamba lile lile ambalo TRIM5α ya kima hulivamia. Na katika majaribio ya Afrika Kusini na Uganda, yaliyotangazwa mwaka 2024, miongoni mwa wanawake zaidi ya 2,000 waliodungwa sindano hiyo mara 2 kwa mwaka hakuambukizwa hata mmoja. Kwa hiyo, kiwango kidogo cha maambukizi kisiwe hoja ya kuziweka wilaya za pembezoni mwisho wa safu ya wanaopewa dawa hii. Maana palipo na wachache walioambukizwa ndipo kinga inapoweza kuwahi.