Hesabu za chama kwenye Excel: makosa madogo yanayomtia mweka hazina mashakani

Mwaka jana kikundi chetu cha kusaidiana maziko kiliingia fitina kwa sababu ya shilingi 11,500. Mweka hazina, mama anayeheshimika mtaani, alikuja na karatasi ya mapato na matumizi aliyoichapisha kutoka Excel. Karatasi ilisema baki ni 41,800. Kwenye akaunti mlikuwa na 30,300. Kikao cha baada ya Maghrib kikaenda hadi adhana ya Isha, na mengine yaliyosemwa siku ile si ya kurudiwa hapa.

Nikaomba ile faili niitazame. Hapakuwa na wizi. Gharama mbili, gari la kubebea jeneza 8,000/= na kukodi turubai na viti 3,500/=, zilikuwa zimeandikwa hivi hivi nilivyoziandika mimi, na ile alama ya "/=" nyuma yake.

Alama hiyo tumelelewa nayo, ipo kwenye risiti na kwenye daftari la kila duka. Lakini Excel ikiiona, haikichukulii tena kitu hicho kuwa nambari. Inakihesabu kuwa maneno, sawa na jina la mtu. Na fomula ya SUM ikikuta maneno huyaruka kimya kimya, bila onyo wala rangi nyekundu. Jumla ya matumizi ikatoka pungufu, baki ikatoka kubwa, na mama wa watu akatazamwa kwa jicho baya.

Kuna njia ya kulijua kosa hili mapema. Usipogusa mpangilio, nambari hukaa upande wa kulia wa kisanduku na maneno hukaa kushoto. Kwa hivyo usiipange safu ya pesa katikati ili ipendeze, maana utaipoteza dalili hiyo. Hakika zaidi ni kuandika fomula mbili chini ya safu: =COUNT(C2:C61) na =COUNTA(C2:C61). Ya kwanza huhesabu visanduku vyenye nambari peke yake, ya pili huhesabu vyote vilivyojazwa. Zikitofautiana, kuna nambari bandia humo ndani. Mama yetu siku hizi hachapishi karatasi kabla hazijalingana.

Kurekebisha ni kazi ya dakika moja. Chagua safu ya pesa, bonyeza Ctrl na H, sehemu ya juu andika /= na ya chini iache tupu, kisha bofya "Replace All". Ukitaka alama ionekane kwa wazee waliozoea, bonyeza Ctrl na 1, nenda "Custom", uandike #,##0"/=" hapo. Wewe utaandika 8000, karatasi itaonyesha 8,000/=, na hesabu itabaki salama.

Jambo la pili ni majina, na hili kwetu Pwani ni zito kuliko kwingine. Mtu mmoja Januari ameandikwa Mohamed, Februari Muhammad, Machi Mohammed. Mimi na wewe tunajua ni yule yule. Excel inaona watu watatu, na ukitumia SUMIF kujua amechanga kiasi gani, utaambiwa ametoa mwezi mmoja tu. Hata nafasi tupu iliyobaki mwisho wa jina inatosha kuleta utengano. Andika orodha ya wanachama mara moja kwenye ukurasa wake, kisha chagua safu ya majina, bofya "Data", halafu "Data Validation", chagua "List" na uielekeze kwenye orodha ile. Kuanzia hapo jina halichapwi, linachaguliwa. Au mpe kila mwanachama nambari yake ya kikundi, maana majina pia hufanana kweli kweli.

Nambari za simu nazo zina visa vyake. Ukichapa 0722 na zinazofuata, sufuri ya mbele inatoweka. Ukianza na 254, unaona kitu kama 2.54722E+11. Kabla ya kuandika chochote, chagua safu nzima, bonyeza Ctrl na 1, uchague "Text". Nambari za simu hatuzijumlishi, kwa hivyo hakuna ubaya zikiwa maneno.

Tarehe ziangalie kwa makini. Laptopu nyingi tunazonunua ni za mkono wa pili kutoka nje, na nyingine bado zinafuata mtindo wa Marekani, mwezi mbele ya siku. Ukiandika 05/04 ukikusudia tarehe 5 Aprili, mashine inaweka 4 Mei, na mtu anaonekana amechelewesha mchango ambao hakuuchelewesha. Badilisha eneo kwenye mipangilio ya Windows liwe Kenya. Zilizokwisha kuandikwa hazitajirekebisha zenyewe, itabidi uzipitie. Na tarehe ya leo hupati taabu kuichapa: Ctrl pamoja na alama ya nukta mkato.

Kupanga majina kwa alfabeti kumevuruga hesabu nyingi. Mtu anachagua safu ya majina peke yake, anapanga, na pesa zinabaki pale pale zilipokuwa. Mchango wa Asha unakuwa wa Bakari. Excel huuliza kama ipanue uchaguzi ichukue na safu za jirani. Jibu ni "Expand the selection". Ukishakosea, Ctrl na Z papo hapo, kabla ya kufunga faili. Bora zaidi, bofya ndani ya hesabu zako ubonyeze Ctrl na T zigeuke jedwali, hapo mstari mzima husogea pamoja.

Stima ikipotea na betri imekufa, kazi yako inaokolewa kila baada ya dakika 10 kwa kawaida ya programu. Ingia "File", "Options", "Save", uifanye dakika 1.

Ukimaliza, usiitume faili yenyewe kwenye kundi la WhatsApp. Bonyeza F12 uihifadhi kama PDF, la sivyo wiki ijayo kutakuwa na nakala tano zenye jumla tano. Safu ya vitambulisho na simu za watu iondoe kabisa kwenye nakala unayoituma. Kuificha tu hakusaidii kwenye faili ya Excel, maana yeyote anaweza kuifichua, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaviangalia vitu hivi. Kama unachapisha saiba, futa faili kwenye mashine yao kabla hujalipa, na utazame mpaka kwenye "Recycle Bin".

Faili kuu itie nywila kupitia "File", "Info", "Protect Workbook". Ila nywila hiyo ikisahaulika, Microsoft wenyewe hawawezi kukurudishia. Sisi yetu tumeiandika kwenye bahasha iliyofungwa, na bahasha anayo mwenyekiti.