Mtambo wa Saa ya Mkono

Ukipata saa ya mkono ya zamani, ile isiyotumia betri, mwombe fundi akufungulie mfuniko wake wa nyuma. Utaona magurudumu ya shaba yenye meno madogo mno, vipande vya chuma vilivyong'arishwa, na vijiwe vyekundu vinavyometameta. Wengi wakitazama hudhani ya kuwa kazi kubwa ya mtambo huo ni kuzizungusha akrabu, yaani mishale ya saa. Sivyo. Kuzungusha ni jambo jepesi. Jambo lililowataabisha mafundi kwa karne nyingi ni kuzuia: kuzifanya nguvu zitoke kidogo kidogo, kwa kipimo kile kile, mchana na usiku.

Nguvu zenyewe hutoka katika kamani, utepe mrefu wa chuma cha pua uliokunjwa ndani ya kipipa. Unapoitia saa ufunguo unaukaza utepe huo, nao hutaka kukunjuka. Lau ungeachwa huru, ungekunjuka wote mara moja, na akrabu zingezunguka kama pia.

Kutoka kwenye kipipa, nguvu hupita katika magurudumu yaliyoumana meno. Gurudumu la kati huzunguka mara moja kwa saa, nalo huichukua akrabu ya dakika. Tuseme lina meno 80, nalo linazungusha kigurudumu cha meno 10. Kigurudumu hicho kimeshikamana na gurudumu la tatu lenye meno 75, nalo linazungusha kigurudumu kingine cha meno 10. Chukua kalamu upige hesabu: 8 mara 7 na nusu ni 60. Basi gurudumu la nne huzunguka mara moja kwa kila dakika, na katika saa nyingi ndilo lichukualo akrabu ya sekunde. Baada yake huja gurudumu la mwisho, lenye meno 15, ambalo huzunguka mara 10 kwa dakika.

Hapo ndipo penye siri. Mbele ya gurudumu hilo la mwisho kuna kipande cha chuma mfano wa nanga, na Wafaransa hukiita hivyo hasa. Nanga ina mikono miwili, kila mmoja una kijiwe cha yakuti. Mkono mmoja ukinasa jino, gurudumu husimama, na mtambo wote husimama pamoja nalo. Karibu yake huyumba gurudumu la mizani, lililofungwa kamani ndogo sana, nyembamba kama unywele. Mizani ikirudi huigonga nanga. Jino huachiliwa, na katika kutoka huisukuma mizani kidogo ili isichoke. Papo hapo mkono wa pili hunasa jino jingine. Hiyo ndiyo sauti unayoisikia ukiweka saa sikioni. Hutokea mara 5 kwa sekunde, mara 18,000 kwa saa, mara 432,000 kwa siku moja. Kwa kweli mtambo wa saa hukaa umesimama muda mwingi kuliko unavyokwenda.

Hayo hayakuvumbuliwa na mtu mmoja. Hapo zamani saa za mfukoni zilikuwa na mizani isiyo na kamani, zikakosea robo saa au zaidi kwa siku. Ndiyo sababu nyingi zilikuwa na akrabu moja tu, ya saa. Mwaka wa 1675 Christiaan Huygens, Mholanzi, alitangaza habari za saa yenye ile kamani nyembamba. Robert Hooke wa Uingereza alighadhibika, akidai ya kuwa wazo hilo lilikuwa lake tangu siku nyingi. Nanga ilibuniwa na Thomas Mudge wa London karibu na mwaka wa 1755, lakini ilikuwa ngumu kutengenezwa, hata yeye mwenyewe alifanya saa chache tu za namna hiyo. Ilienea katika karne iliyofuata.

Na vijiwe vyekundu? Ncha za mihimili huzunguka ndani yake, maana jiwe gumu halichakai upesi kama shaba. Werevu huo ulipata hati ya uvumbuzi huko London mwaka wa 1704. Tangu Auguste Verneuil, Mfaransa, alipoonyesha mwaka wa 1902 jinsi ya kuyeyusha yakuti katika karakana, vijiwe hivi vimekuwa rahisi. Kwa hiyo muuzaji akijisifia yakuti 17 zilizomo ndani ya saa yake, usidhani anakuuzia hazina.

Hata hivyo, hadi mwanzo wa karne ya 20, wanaume wengi waliweka saa mfukoni. Saa ya mkono ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake. Zaidi ya hayo, mkono ni mahali pabaya pa kuweka mtambo mwororo: hurushwa huku na huku, hugongwa ukutani, hutoka jasho. Vita vilivyoanza mwaka wa 1914 ndivyo vilivyobadili mambo. Katika mapigano ya mto Somme huko Ufaransa, yaliyoanza tarehe 1 Julai 1916 saa moja na nusu asubuhi (akrabu za saa zao zikionyesha 7:30), na katika mashambulizi yaliyofuata, mizinga ilirusha makombora mbele ya askari wake kama pazia, na pazia hilo likasogezwa kwa dakika zilizopangwa. Askari walitembea nyuma yake. Ofisa ambaye saa yake ilitangulia kwa dakika mbili aliweza kuwaingiza watu wake chini ya makombora ya mizinga yao wenyewe; iliyochelewa iliwapa adui nafasi ya kutoka mahandakini na kushika bunduki zao. Na nani angepapasa mfuko akiwa na silaha mikononi?

Baada ya vita mwanamume hakuona haya tena. Mafundi nao wakaendelea kuutengenezea mkono mtambo unaoufaa. Charles Édouard Guillaume, Mswisi aliyefanya kazi Ufaransa, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1920. Mchanganyiko wake wa chuma na nikeli ulizuia joto lisilegeze kamani ya mizani. Mwaka wa 1924 John Harwood, Mwingereza, alipata hati huko Uswisi kwa saa inayojitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono. Mwaka wa 1934 ikaja Incabloc, ambayo huvishikilia vijiwe vya mizani kwa kamani ndogo, ili saa ikianguka ule mhimili, ambao ncha yake ni karibu sehemu ya kumi ya milimita, usivunjike.

Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ilianza kuuza Tokyo saa iliyotumia betri na kijiwe kinachotetema mara 8,192 kwa sekunde. Bei yake ilikuwa yen 450,000, kadiri ya bei ya motokaa ndogo, nayo haikukosea zaidi ya sekunde 5 kwa mwezi. Katika miaka iliyofuata, viwanda vingi vya saa vya Uswisi vilifungwa.